Mteja Aliye Mbioni Kuhama

Benki ilipoona wateja wanamiminika kwa benki jirani ng'ambo ya barabara, wakubwa wakanunua mfumo wa kuchambua data. Ulikusanya kila kitu: mteja ananunua nini, wapi, na akipiga simu analalamikia nini. Kazi yake ilikuwa kubashiri nani yuko mbioni kuhama. Meneja wa masoko aliushabikia kuliko wote, mpaka wafanyakazi wakambandika jina la Bwana Takwimu.

Siku ya uzinduzi, fundi wa kompyuta alibofya, na mteja wa kwanza akatokea kwenye skrini, jina na picha. Alikuwa mke wa Bwana Takwimu, yule mwenye duka la ushonaji. Kila mtu akainamisha macho mezani.

"Anza na huyo," mkurugenzi akamwambia Bwana Takwimu. "Ukishindwa na wa nyumbani, wa nje utawaweza?"

Jioni mkewe alikuwa jikoni. Ingekuwa rahisi kwenda kumuuliza. Lakini mfumo ulielekeza mteja apigiwe simu na kusomewa maneno maalumu, basi akajifungia chumbani akapiga.

"Habari za jioni, mteja wetu mpendwa. Unaridhika na huduma zetu?"

"Baba watoto, si uko hapo chumbani?"

"Niko kazini. Wewe jibu tu."

Mkewe akapunguza moto. "Siridhiki. Kadi yangu imegoma muda sasa. Dirisha hili wananituma lile, lile wananirudisha hili. Kwa wenzenu nilipewa kiti, nikaulizwa shida yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia tukiwa tunakula. Ukaniuliza kama nimejaza maoni kwenye tovuti."

Bwana Takwimu akatafuta jibu kwenye yale maneno maalumu, hakuliona. Akasoma mstari uliofuata: "Tungependa kukuzawadia mwavuli."

"Miavuli tunayo, mume wangu. Njoo ule."

Kesho yake alimweleza mkurugenzi kwamba madirisha yanarushiana wateja kama mpira.

"Mfumo umesema hivyo?"

"Hapana. Mke wangu."

"Basi tusikurupuke."

Ijumaa mkewe akahamisha akaunti. Jumatatu skrini ikatangaza kuwa ubashiri umetimia. Chumba kizima kikapiga makofi, bajeti ya mfumo ikaongezwa maradufu, na Bwana Takwimu akapongezwa kwa kupeana mikono mpaka kiganja kikamuuma.

Jioni mkewe akamuuliza wamesemaje kazini.

"Wamefurahi sana," akajibu, akaendelea kula bila kumtazama.