Mchoraji Aliyefika Ng'ambo Nusu

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na dirisha la sebuleni, jicho moja amelifumba, sindano ameiinua kwenye mwanga, ncha ya uzi ameilowesha kwa mate, wakati taa za ukumbi wa maonyesho huko ng'ambo, ilikotundikwa picha yake, zilipowashwa, naye akatoweka. Shati alilokuwa akilishona lilianguka sakafuni. Mke wa mchoraji, aliyekuwa akipangusa meza, aliliokota, akalikunja, akaliweka kitini ili Shangazi akirudi asihangaike kulitafuta. Kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma, akamwambia mumewe maonyesho yamefunguliwa.

Mchoraji hakutoka. Alikuwa anaosha brashi, na brashi haingoji.

Kazi hii alikuwa ameianza kwenye mbao za vinyozi. Kwa miaka mingi, mwenye kutaka kichwa kilichonyolewa vizuri ukutani mwa duka lake alimwendea yeye. Alichora vichwa vya kila namna, kuanzia utosini hadi mabegani, na hapo mabegani ndipo alipokuwa akipokea malipo. Miguu hakuwahi kuombwa. Nani anakwenda kwa kinyozi kutafuta miguu?

Shangazi ndiye aliyemharibia mazoea. Ndiye aliyemlea tangu baba yake, kaka wa Shangazi, alipofariki, na siku mchoraji alipotaka kumchora, Shangazi alikataa katakata kuishia mabegani. Alisema yeye si sarafu. Alikuwa amenunua ndara mpya, na alitaka zionekane. Basi ikabidi picha imwonyeshe mzima, kitini pake, na iwe kubwa kuliko chumba. Mchoraji aliviringisha turubai kama mkeka, akawa anafungua kipande na kuchora, kikikauka anakiviringisha na kufungua kingine. Alianza na kilemba mwezi wa mvua, akafika kwenye ndara wakati wa vumbi. Picha ilipokwisha ilikuwa imeviringishwa, na ikapelekwa ng'ambo hivyo hivyo. Aliyeichora hakuwahi kuiona nzima.

Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo wasemavyo. Huyu wetu hata gae alikuwa hajaliona.

Kweli, walimletea kitabu cha maonyesho. Picha humo ilikuwa na ukubwa wa kiberiti, na mkunjo wa karatasi ulipita katikati ya pua ya Shangazi. Mchoraji alikitazama kitabu hicho kwa muda mrefu, akakigeuza huku na huku, akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: asimame mbele ya picha ile, arudi nyuma hatua chache bila kugonga mlango, aione yote kwa mara moja.

Jioni ukumbi ulipofungwa, Shangazi alirudi kitini pake, akakalia shati. Miguu yake ilikuwa ya baridi. Akaomba chai, akaanza kutoa habari. Sakafu ya huko inang'aa hata ukiinama unajiona puani. Watu wanakuja na glasi mkononi, wanamtazama mtu kwa karibu namna hiyo, halafu wanaondoka bila hata salamu.

"Shikamoo hawana," alisema. "Na vifungo vyao vinaning'inia. Matajiri wale, mwanangu, makoti ya maana, lakini hawana mtu wa kuwaambia kifungo chako kinadondoka."

Yeye alikuwa na sindano mkononi, na uzi ulikuwepo. Kufikia mwisho wa juma alikuwa ameshona vifungo vya watazamaji wengi, na koti la msimamizi wa maonyesho alikuwa amelibadilishia bitana. Watu walipanga foleni. Gazeti moja liliandika kwamba mchoraji huyu analeta mguso wa aina yake. Kila Jumatatu ukumbi ulipofungwa, Shangazi alishinda nyumbani akilalamika kwamba kazi zimelundikana.

Mchoraji, kwa upande wake, alikwenda ubalozini kuomba kibali cha kusafiri. Picha ilikuwa imepata karatasi zake kabla rangi haijakauka vizuri. Ilikatiwa bima, ikapewa sanduku lenye pamba ndani na mtu wa kuisindikiza kwenye ndege. Mchoraji alipewa namba na benchi. Kwenye ukuta wa chumba cha kungojea lilibandikwa tangazo la maonyesho yale yale, Shangazi akiwa ameinua sindano, na juu yake maneno makubwa: *Dunia Moja*. Afisa wa dirishani alimsifia sana. Alisema tangazo lile humpa raha kila asubuhi. Halafu akamrudishia pasipoti yake chini ya kioo, akamweleza kwamba hakuna uhakika wa kutosha kuwa atarudi.

Alikwenda tena, akarudishwa tena, akakata rufaa. Watu wa mtaani wakaanza kumtania, wakimuuliza Shangazi amemletea nini kutoka ng'ambo.

Hapo ndipo alipopata wazo la kujichora mwenyewe.

"Jichore mzima," Shangazi alimwambia.

"Shangazi, kinachoona ni kichwa."

"Na kinachokipeleka kichwa?"

Mchoraji alicheka, akamwambia kwamba fundi ni yeye. Kinyozi hajinyoi, lakini mchoraji anaruhusiwa kujichora, na mkono ulijua njia yake. Alianza utosini, akashuka, akafika mabegani, na kwa heshima ya kazi yenyewe akajitahidi kufika kiunoni, ili mkono ulioshika brashi uonekane. Hapo akatia sahihi. Picha ilikuwa ndogo, chumba kiliitosha, na kwa mara ya kwanza aliweza kurudi nyuma akaitazama kazi yake nzima. Akaridhika. Wakaifunga, ikapelekwa.

Msimamizi wa maonyesho aliipokea kwa furaha, akaitundika siku hiyo hiyo.

Taa zilipowashwa, mchoraji alikuwa bombani, anajaza ndoo. Sehemu ya juu ikaenda. Miguu ikabaki imesimama pale ndani ya suruali, mkanda umefungwa vizuri, ndoo inamwagikia viatu. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walingoja kwa adabu, halafu mmoja akaomba kupita. Ikabidi mkewe aitwe. Alikuja, akafunga bomba, akaishika miguu kwenye kishikio cha mkanda, akairudisha nyumbani na kuikalisha kwenye kiti cha Shangazi.

"Nusu hii ndiyo inayokula nauli," aliwaambia majirani, "na ndiyo niliyoachiwa."

Huko ng'ambo mchoraji alijikuta kwenye ukuta mweupe, brashi mkononi. Mbele yake palikuwa na mlango wa kioo, na kando ya mlango mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Hapakuwa na picha nyingine mbele yake. Akangoja. Baada ya muda akasikia nyuma yake, upande wa pili wa ukuta ule ule, mtu anakohoa kikohozi anachokijua tangu utotoni. Kisha ndara zikagusa sakafu, zikazunguka ukuta taratibu, na Shangazi akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

Alimtazama kichwani, akashuka hadi pale fremu ilipomkatia, akatikisa kichwa, akamwondolea uzi mmoja uliokuwa begani.

Wawili hao walikuwa wametundikwa mgongo kwa mgongo. Picha ya Shangazi, yenye kilemba na ndara, ilikuwa karibu na kisogo cha mchoraji kiasi kwamba angeweza kuibishia hodi. Ila mtu kugeuka anahitaji miguu. Mchoraji alimwomba msimamizi amhamishie ukuta wa mbele. Msimamizi alimsikiliza kwa makini sana, akamjibu kwamba haiwezekani, kwa sababu mazungumzo ya picha hizo mbili kupitia ukuta ndiyo moyo wa maonyesho. Akampongeza kwa kuishia kiunoni. Alisema ni uamuzi wa kijasiri.

Kila jioni mchoraji alirudi, akajiunga na miguu yake, ambayo mara nyingi ilikuwa na ganzi. Na kwa kuwa ubalozi ulishampangia siku ya kusikiliza rufaa yake, na siku hiyo ikaangukia katikati ya juma mchana, ilibidi miguu iende peke yake na mke.

Mke aliipigia viatu rangi. Wakakaa kwenye benchi, chini ya tangazo la Shangazi. Namba yao ilipoitwa, miguu ilinyanyuka bila kuambiwa, ikasimama mbele ya dirisha. Afisa akaomba alama za vidole. Mke akainama, akaivua kiatu na soksi ya kulia, akaupandisha mguu kwenye mashine, akasema vidole ni vidole. Mashine ikakubali. Afisa naye hakuona tatizo, akaendelea.

Aliuliza mwombaji mwenyewe yuko wapi.

"Hii ndiyo sehemu iliyopo," alisema mke. "Nyingine iko kazini, huko kwenu. Inarudi jioni."

"Inarudi kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumatatu, maana Jumatatu haiendi. Sasa mlitaka uhakika kwamba atarudi. Mtu anarudi kila siku, baba, mpaka nimechoka kumpikia."

Afisa alifungua pasipoti, akapekua kurasa zote. Zilikuwa safi.

"Hakuna mhuri wa kutoka," alisema. "Mtu ambaye hajatoka hawezi kuhesabiwa kuwa amerudi."

"Basi mpeni kibali atoke, ili arudi."

"Ndiyo hivyo, mama. Tukiona amewahi kurudi, tutampa."

Mke aliitazama miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa unapigapiga sakafu kama ufanyavyo mwenyewe akiwa na hasira. Aliivisha soksi na kiatu, wakashukuru, wakatoka. Nje miguu ilitembea mbele yake kwa kasi hadi nyumbani, ikakataa kukaa.

Jioni mchoraji aliposikia habari hizo kutoka kwa mkewe, na kutoka kwa magoti yake mwenyewe, alivua viatu akavitupa mlangoni. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, kwa kuwa kiti chake sasa kilikuwa cha miguu.

"Maliza kazi uliyoianza," alimwambia.

Basi akaichora miguu. Kazi hiyo ilimchukua Jumatatu nyingi, maana vidole vya miguu vilimshinda, akavifuta, akavirudia. Mwishowe Shangazi alimwambia awache ubishi, achore viatu. Alianza pale pale fremu ya kwanza ilipoishia, akateremka hadi kwenye soli. Nyuma ya turubai akaandika kwa herufi zile zile kubwa za mbao za vinyozi: ITUNDIKWE CHINI YA ILE NYINGINE. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Miguu ikifika, itajiunga na kiuno, atashuka ukutani, atazunguka, atasimama, ataona.

Picha ilipata karatasi zake upesi kuliko zote.

Msimamizi alipoifungua alitokwa na machozi. Alisema hajapata kuona msanii akijitenga na nafsi yake kwa uaminifu kiasi hicho. Lakini kabla hajatafuta msumari, alikuwepo pale mteja, mwenye kampuni ya viatu kutoka nchi nyingine kabisa, amekuja kushonewa kifungo. Aliiona miguu ikiwa bado imeegemezwa ukutani. Akaipenda, akaondoka nayo. Siku chache baadaye jumba la makumbusho lenye ukumbi ule likanunua picha mbili zilizobaki, zikae pale pale daima, mgongo kwa mgongo.

Mchoraji sasa ni mtu wa kimataifa. Kiwiliwili chake kiko kwenye makumbusho ya nchi moja, miguu imesimama mapokezi katika makao makuu ya kampuni ya viatu ya nchi nyingine, na wageni wakifika huko husifu rangi ya viatu. Makumbusho hufungwa Jumatatu, kampuni hufungwa Jumapili. Jumapili mchana mke wake hubaki na miguu, akaituma dukani na kikapu. Jumatatu hubaki na kichwa na mikono, wakapiga soga, naye akamenya vitunguu. Jioni mume huwa mzima, lakini jioni ubalozi umefungwa. Huko kwenye chumba cha kungojea wamebandika tangazo jipya. Safari hii ni yeye, hadi kiunoni. Afisa anasema amependeza.

Juzi, saa ambayo walinzi huenda kula na ukumbi hubaki kimya, Shangazi alishuka, akazunguka, akaketi sakafuni chini ya fremu ya mtoto wa kaka yake. Alikuwa na kofia ya mtu, anaitia mshono.

"Shangazi," mchoraji alisema, "hebu niambie. Picha yako ikoje?"

Shangazi alikata uzi kwa meno.

"Nitajuaje, mwanangu? Nikiwa juu siioni. Nikishuka nikaenda kuitazama, nakuta kiti tu."

Shangazi akafikiri kidogo, akaona hiyo haitoshi.

"Lakini kiti umekipatia," alisema. "Nimerudi nyuma mpaka ukuta wa mwisho, nikakitazama vizuri. Hata ule ufa wa mguuni upo. Basi tu ungeniwekea mto."

Mlango wa kioo ukafunguka, watu wakaanza kuingia na glasi zao. Shangazi alijinyanyua akishika magoti, akazunguka ukuta, akapanda kwake, akafumba jicho moja. Mchoraji alibaki akitazama mtungi wa kuzimia moto. Jioni ile nyumbani alimwambia mkewe kwamba maandishi ya mtungi ule yamepinda kidogo upande wa kulia, jambo ambalo kinyozi yeyote angelikataa, na kwamba wakimpa kibali, hata cha siku moja, atakwenda na brashi yake kuyanyoosha.