Hapana Zote

Arlen Tveit alijua mambo yameharibika pale Dwight Skaar alipomletea mbwa wake. Ilikuwa asubuhi, theluji bado haijaondolewa barabarani, na kijana alishuka garini na gunia la chakula cha mbwa la kutosha miezi mitatu, pamoja na kadi ya chanjo ya mbwa huyo. Akasema anasafiri kidogo. Anayesafiri kidogo hakabidhi kadi ya chanjo ya mbwa wake. Tveit, aliyekuwa sajenti wake vitani, hakubishana. Alimnyang'anya funguo za gari, akamwambia apande, wakashika njia ya hospitali ya wanajeshi wastaafu, mwendo wa saa tatu katika nyika tupu ya Dakota Kaskazini.

"Afande, bado unaendesha kama bibi anayekwenda kanisani," Skaar alisema wakiwa njiani.

Muuguzi wa mapokezi, Marlys Boe, mama wa makamo, hakuzungusha maneno. Daktari wa akili alikuwa mmoja, na nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tisa. Lakini aliye katika hatari ya kujidhuru angeonwa siku hiyo hiyo. Yote yalitegemea majibu ya fomu. Skaar akaomba afande wake abaki chumbani.

Maswali yakaanza. Ndoto mbaya? Hapana. Hasira za ghafla? Hapana. Kijana alijibu kikakamavu, macho ukutani. Majibu yale Tveit aliyafundisha mwenyewe. Miaka kumi na minne nyuma, siku ya kuondoka vitani, waligawiwa fomu kama ile ndani ya hema. Aliyeandika ndiyo alibakizwa kambini wiki kadhaa akichunguzwa, huku wenzake wakipokelewa na wake zao. Tveit akapita kati ya safu akinong'ona: andikeni hapana zote, twendeni zetu nyumbani. Wakaandika. Alijiona kiongozi mwema, mjinga yule! Tangu siku hiyo alikuwa amewazika wawili wao, waliojiua.

"Umewahi kufikiria kujiua?" muuguzi aliuliza.

"Hapana, sista."

Muuguzi akaandika, kisha akaanza kutafuta tarehe kwenye kompyuta. Tveit alitaka kupayuka habari za mbwa, lakini alimjua Skaar: angekana, angesimama, angeondoka, na wiki tisa asingezifikisha.

"Sista, niulize mimi swali hilo," akasema.

"Wewe hujaandikishwa hapa leo."

"Niulize tu, tafadhali."

Muuguzi alimtazama, akamuuliza. Tveit hakuwahi kulijibu swali hilo kwa ukweli, hata mbele ya mkewe. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Ndiyo," akasema. "Mwaka juzi, ghalani kwangu. Na mara moja kabla ya hapo." Akamgeukia kijana. "Skaar, ile amri niliyowapa hemani ilikuwa mbaya. Naifuta."

Skaar aliinamia buti zake. Muuguzi aliacha kompyuta, akasubiri.

"Niulize tena, sista," Skaar akasema.

Muuguzi akachukua fomu mpya. "Umewahi kufikiria kujiua?"

"Ndiyo," akasema. "Nilipanga iwe leo."