Alama ya Waraka wa Tano

Kama kulikuwa na mtu katika shule ya Dunmore Crossing aliyejua kumshuku marehemu kwa sentensi moja safi, basi ni Corinne Stavely. Umpe tangazo la rais, umpe shajara ya mke wa mwenye shamba la pamba, umpe hotuba ya mhubiri. Kabla hujakaa vizuri kitini ameshakwambia aliyesema ni nani, alikuwa akimwambia nani, na alikuwa anaficha nini. Wenzake walimwonea wivu kidogo. Mwalimu Purcell alimtolea mfano mara nyingi mpaka darasa likachoka kulisikia jina lake.

Ndiyo iliyokuwa kazi yao tangu Januari. Mtihani wa historia ya Marekani wa kiwango cha juu, ule ambao ukiufaulu chuo kinakuhesabia somo zima hata hujakanyaga huko, ulikuwa unakuja mwanzoni mwa Mei. Kilichowatoa watu jasho hakikuwa maswali ya kuchagua jibu. Kilikuwa ni kuandika, na hasa swali la nyaraka: unapewa nyaraka saba, unazisoma mbiombio, unajenga hoja. Alama zake nazo ni saba, na kila moja ina sharti lake. Moja kati ya hizo huipati mpaka upime vyanzo viwili, yaani ueleze huyu aliyesema kwa nini alisema vile. Mwalimu Purcell alikuwa na neno lake kwa hilo. Msimwamini mtu, aliwaambia, hata mimi msiniamini.

Jumapili, watu wakishatoka kanisani, Corinne alikwenda kujifunza kwa rafiki yake Tavia Mabry, aliyelelewa na bibi yake, Bi Ernestine. Mama yake Corinne alikuwa muuguzi na mwisho wa juma alikuwa zamu, kwa hiyo kwao chakula kilikuwa ni kile unachokifungua kwenye kopo. Kwa Bi Ernestine kulikuwa na sukuma wiki iliyopikwa na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi, na makaroni ya kuoka yenye jibini lililoungua vizuri pembezoni. Corinne alikuwa na kiti chake, kile cha dirishani, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyemwambia tena karibu. Alikuwa anaingia tu.

Na Bi Ernestine alikuwa na sheria zake. Mgeni akiondoka hawezi kutoka mikono mitupu, lakini chombo cha kubebea chakula kilikuwa na maana. Uliyependwa ulipewa bakuli la kioo lenye utepe wa jina la bibi mwenyewe chini, ili ulazimike kulirudisha. Mchungaji aliyehubiri kupita kiasi, au shemeji mwenye maneno mengi, alipewa sahani ya karatasi iliyofunikwa kwa foili. Bi Ernestine alisema wazi, huku akicheka, kwamba sahani ya karatasi ni ya mtu ambaye hamtarajii kurudi. Corinne aliwahi kukaa na mabakuli matatu ya kioo kwao kwa wakati mmoja, na alikuwa anajivunia hilo kimoyomoyo.

Ilikuwa kwenye meza hiyo alikosikia habari za bwawa. Miaka ya sitini mahakama iliamuru bwawa la kuogelea la mji, lililokuwa la weupe peke yao, lifunguliwe kwa watoto wote, weusi kwa weupe. Halmashauri ikaona heri lifukiwe. Bi Ernestine alikuwa mtoto mdogo, na mama yake alikuwa amemshonea taulo lenye bata wa njano kwa ajili ya siku hiyo. Alifika getini na taulo lake kwapani akakuta malori yanamwaga udongo. Hapo akasema kwamba maji yalikuwa bado yamo. Hawakungoja hata kuyatoa. Corinne, ambaye babu yake mwenyewe alijifunzia kuogelea katika bwawa lile lile, aliweka uma chini akalia. Bi Ernestine ndiye aliyembembeleza.

Sasa, wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu Purcell akatunga swali la majaribio kutokana na historia ya mji wao. Alitaka wajizoeze kwa kitu ambacho hawangeweza kukikariri. Waraka wa pili ulikuwa taarifa ya meya ya kufunga bwawa kwa sababu za matengenezo. Waraka wa tano ulikuwa mahojiano yaliyohifadhiwa na maktaba, bila jina: mwanamke, mkazi wa mji, akisimulia baada ya nusu karne. Corinne aliusoma hadi mstari wa tatu akamkuta bata wa njano.

Alijua. Hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu baadaye alijaribu sana kujidanganya kwamba hakujua. Alitabasamu, akasema kimoyomoyo, huyu ni Bi Ernestine wetu. Kisha akaendelea kuandika. Meya alikuwa amekwisha kumpima, na vizuri: alieleza kwamba uchaguzi ulikuwa karibu, kwamba mtu wa nafasi ile alibanwa huku na huku. Alihitaji chanzo kimoja zaidi na saa ilikuwa inakimbia. Waraka wa tano ulikuwa ndio mwepesi kuliko yote. Mkono wake ukaandika wenyewe, kama ulivyofundishwa: "Msemaji alikuwa mtoto wakati wa tukio, anasimulia baada ya miaka mingi, na ana sababu ya kutaka kuhurumiwa, kwa hiyo ushuhuda wake hauwezi kutegemewa."

Akaweka nukta, akaenda kwenye hitimisho.

Darasani kwao karatasi za majaribio hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, na wanafunzi walisahihishana wenyewe kwa kufuata mwongozo wa alama. Namba ni sawa, lakini mwandiko haufichiki. Karatasi ya Corinne iliporudi siku iliyofuata ilikuwa na alama sita juu ya saba, na aliyesahihisha alikuwa Tavia. Kwa kawaida Tavia alimchorea upuuzi pembeni, rais mwenye pua kubwa, au neno la kumchokoza kwamba anaandika kama wakili wa kulipwa. Safari hii hakuchora kitu. Kando ya ile sentensi kulikuwa na alama ya vema, na maneno mawili: sharti limetimia.

Corinne alihisi uso unamwaka. Na kama vile haitoshi, mwalimu Purcell akaomba zile karatasi, akachagua mifano ya kusoma kwa sauti, na ya kwanza ikawa ile. Aliisoma polepole. Akasema tazameni, hana huruma ya bure, hajayumbishwa na machozi. Darasa likaandika. Tavia naye aliandika, kichwa kimeinama, neno kwa neno, maneno ya kumkana bibi yake. Corinne alitamani paa lianguke, na paa halikuanguka.

Alimkimbilia kwenye maegesho ya magari.

"Tavia, ngoja. Sikuwa na nia mbaya."

"Ulijua ni bibi?"

Hapo alikuwa na nafasi. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

"Hapana. Si hakukuwa na jina?"

Tavia alimtazama kama mtu anayesoma waraka.

"Kulikuwa na bata, Corinne." Akafungua mlango wa gari. "Alama yako nimekupa. Mwongozo unasema nikupe."

Wiki nzima hawakusemezana. Corinne alisoma ushuru na mikataba na vita, na hakuna kilichoingia kichwani. Kila alipofungua ukurasa aliisikia sauti ya mwalimu ikisoma kwa kusifu. Aliona aibu hata kupiga mswaki mbele ya kioo. Jumapili alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya kina Mabry mpaka akaona pazia linatikisika, na ikawa aibu zaidi kuondoka kuliko kushuka.

Bi Ernestine alifungua mwenyewe, aproni kiunoni, amefurahi. Tavia alikuwa mezani na vitabu, hakuinua kichwa. Na hapo ndipo Corinne alipoelewa kwamba Tavia hakusema kitu.

"Afadhali umekuja," Bi Ernestine alisema. "Huyu mwenzio ana siri kama benki. Mwalimu wenu alinipigia simu kuniomba ruhusa atumie maneno yangu, nikamwambia tumia, watoto wajue. Sasa namwuliza huyu, mlisema nini juu yangu, ananiambia tuliandika tu. Hebu niambie wewe, wewe ndiye mwandishi. Ulisema nini?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema niliandika kwamba ulikuwa jasiri, na yule kikongwe angefurahi mpaka Krismasi. Tavia sasa alikuwa ameinua kichwa, anangoja.

"Nilisema ushuhuda wako hauwezi kutegemewa," Corinne akasema. "Kwa sababu ulikuwa mtoto. Na kwamba una sababu ya kutaka kuhurumiwa."

Bi Ernestine alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji.

"Ulijua ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nilidanganya?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini uliandika?"

"Kulikuwa na alama."

"Alama ngapi?"

"Moja."

Bibi akalirudia lile neno, moja, kama anayeonja kitu kuona kama kina chumvi. Kisha akauliza, na meya je? Meya alisemwaje? Corinne akamweleza habari za uchaguzi na kubanwa huku na huku.

"Aha," Bi Ernestine alisema. "Meya ulimtafutia sababu. Mimi ukanitafutia kasoro."

Hakupaza sauti. Aliingia jikoni, vyombo vikasikika, na Corinne akabaki amesimama karibu na kiti chake cha dirishani bila kuthubutu kukigusa. Bibi aliporudi alikuwa amebeba sukuma wiki, makaroni na kipande kikubwa cha mkate wa mahindi, vingi kuliko siku zote, juu ya sahani ya karatasi iliyofunikwa kwa foili. Alimkabidhi mlangoni. Akamwambia aendeshe gari taratibu.

Corinne hakukila chakula kile. Alikitazama mpaka kikapoa, na mama yake aliporudi kutoka zamu akakila, akauliza mbona leo kimekuja kwenye karatasi. Corinne alisema mabakuli yameisha.

Mtihani ulifanyika Ijumaa ile. Swali la nyaraka lilikuwa juu ya mambo ya mbali na zamani, watu wote wamekufa, na alipofika penye kupima vyanzo mkono wake ulisita. Aliandika aliyesema ni nani, na alikuwa na nini cha kupoteza kwa kusema. Hakujua kama sharti limetimia. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alitoka bila kuhesabu alama zake.

Jumapili alirudi. Sahani ya karatasi alikuwa ameipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, lakini mafuta yalikuwa yameingia na ukingo mmoja umelegea. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni, akabisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile.

Bi Ernestine aliitazama sahani, akamtazama yeye.

"Hiyo hutupwa," alisema.

"Najua, mama."

Harufu ya makaroni ilikuwa inatoka ndani, na sauti ya Tavia akizungumza kwenye simu. Bibi aliipokea ile sahani iliyolegea, akaikunja mara moja, akaiweka mfukoni mwa aproni. Hakusogea mlangoni kumpisha. Alimwonyesha kwa kidevu kiti cha mbao kilichokuwa kibarazani, nje.

"Kaa hapo," alisema. "Nikishapakua nitakuja kukuona."

Corinne akakaa. Kupitia dirishani, kwa upande wa nje, alikuwa anakiona kiti chake.