Kilemba cha Povu

Bamia zilikuwa zimeiva kupita kiasi, zimelegea ndani ya sufuria kama soksi zilizolowa. Alizimimina kwenye kipande cha pazia kuukuu, akakusanya pembe zake nne, akaanza kukamua. Ute ulishuka polepole, uzi mmoja mrefu usiokatika, mpaka ndani ya bakuli. Hakuharakisha. Ukikamua kwa hasira mbegu hupasuka, na vipande vyake humgandia mtu kichwani kama mba mpya.

Alikuwa kwenye uchochoro wa nyuma ya saluni, penye jiko dogo la gesi na kamba ya taulo. Mle ndani walimwita Bamia. Jina alipewa na msusi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, siku alipomkuta anachemsha mboga asiyokusudia kuila. Mwenye saluni alikuwa shangazi yake, dada wa baba, aliyemchukua baba alipokufa, akamlea, akamweka kwenye sinki. Wateja walimwita shangazi huyo Mama Kilemba.

Jina hilo lilikuwa na sababu yake. Kila aliyeoshwa pale alivikwa kilemba cha povu. Shampuu kutoka dumu la njano lililokaa nyuma ya mlango ilipigwa kwa vidole mpaka povu likapanda, likakusanywa, likazungushwa juu ya kichwa safu kwa safu. Mteja alijitazama kwenye kioo, akacheka, akapigwa picha. Watu walitoka mitaa ya mbali kukifuata kilemba hicho. Pasipo povu hujaoga, ndivyo shangazi alivyopenda kusema, na watu walimwamini, kwa kuwa povu huonekana na usafi hauonekani.

Alichokijua Bamia peke yake ni kilichokuwa chini ya wigi la shangazi. Miaka ya dumu lile, juu ya miaka ya dawa za kunyoosha, ilikuwa imemla kichwa. Ngozi ilichubuka, nywele zikaondoka mafungu kwa mafungu. Daktari wa ngozi alimwambia aachane na chochote chenye salfeti, hiyo inayoleta povu jingi, maana ilikuwa inamkwangua mafuta yote na kumwachia kichwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Zipo shampuu za upole, alisema. Povu lake ni dogo, usishtuke. Shangazi alirudi na chupa moja, kaifunga kwenye mfuko mweusi kama kitu cha wizi. Ilipokwisha hakununua nyingine. Mama Kilemba aonekane duka la dawa akiuliza shampuu isiyotoa povu?

Basi Bamia akaanza kutafuta mwenyewe. Kila kitu alikijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono wake, kisha nyuma ya sikio lake, akasubiri mpaka kesho yake. Magadi yalimwasha. Ndimu ilimchoma. Yai lilisafisha vizuri, ila siku aliyokosea akatumia maji ya moto liliiva nyweleni, akashinda analichambua huku msusi akimwuliza kama ameweka na chumvi. Kilichokubali ni maji ya bamia yaliyochanganywa na ute wa mshubiri. Na nywele zikiwa na mafuta mengi, udongo laini uliolowekwa ukawa kama uji. Maji yawe vuguvugu. Vidole vitumie ncha, si kucha. Alfajiri kabla ya kufungua, shangazi alivua wigi, akalaza shingo kwenye sinki, akaoshwa kimya.

Nywele zilirudi. Kwanza malaika laini kama ya kifaranga, halafu nywele zenyewe, nyeusi, fupi. Palibaki mahali pamoja tu nyuma ya sikio la kushoto pasipofunga sawasawa.

"Zikishika kitana," shangazi alimwambia alfajiri moja, maji yakimtiririka masikioni, "nitasema mbele ya wateja wote ni nani aliyeniponya. Na hili sinki la dirishani litakuwa lako. Uoshe unavyojua wewe."

Bamia hakutaka kingine. Alilibeba neno hilo kama mtu anavyobeba yai mkononi kwenye njia ya mawe. Na sasa nywele zilikuwa zimeshika kitana.

Alipomaliza kukamua aliingia ndani na bakuli. Kwenye sinki la dirishani alimkuta mwalimu wa shule ya jirani, kakaa na kitambaa mapajani, kichwa chake kina mabaka mekundu.

"Msusi kaniambia una maji yasiyouma," alinong'ona mwalimu.

"Yapo, mwalimu. Ila hayana povu."

"Povu nimelichoka, mwanangu."

Akamlaza, akaanza. Ute uliteleza kati ya vidole, mwalimu akafumba macho, mabega yakashuka. Hapo ndipo muuza mapazia, mteja wa kila wiki, alipotoa kichwa chini ya mashine ya kukaushia.

"He! Jamani! Huyo mnamwosha au mnampika?"

"Anaungwa," msusi akadakia bila kuinua macho kwenye msuko wake. "Subiri nyanya."

"Mbona inavutika hivyo? Si kamasi hiyo?"

Saluni nzima ikacheka. Mwalimu akafumbua macho. Bamia akaendelea kumsugua kwa ncha za vidole, masikio yanamwaka, na ndipo shangazi akaingia kutoka mtaani, mkoba begani, wigi lake la mawimbi limetulia vizuri.

"Kuna nini?"

"Mama Kilemba, njoo uone mwenyewe. Mwanao anamtia mtu mlenda kichwani!"

Shangazi akatazama bakuli. Kisha akamtazama Bamia, na Bamia naye akamtazama, mikono imesimama. Palikuwa na nafasi pale ya kutosha neno moja. Huenda alitaka kulisema. Mdomo ulifunguka.

"Mtoto wa kaka huyu," akasema, akacheka. "Kichwa chake chepesi kama cha baba yake. Namlisha, namvisha, ananilipa kwa mchuzi. Mwalimu, samahani mno. Wewe, mtie povu mama wa watu, aoge kama binadamu."

Akalichukua bakuli, akalimwaga kwenye sinki la pili. Ute ulikataa kwenda. Ulining'inia kwenye tundu kwa muda, halafu ukateremka wote kwa pamoja. Mle ndani ya saluni watu wakapiga makofi.

Mwalimu akainuka. Alikifunga kitambaa chake juu ya kichwa kilicholowa, akatoka.

"Kaenda na mboga yake," alisema muuza mapazia. "Mchana hapiki huyo." Kisha, akiwa bado anajifuta machozi ya kicheko: "Hebu tuambie, Mama Kilemba. Wewe mwenyewe unaoshea nini? Maana tangu nikujue sijawahi kuiona nywele yako, naona wigi tu."

Yeyote mwingine angepotezea. Lakini shangazi alikuwa ameamka siku ile akajitazama kwenye kioo, akapendeza machoni mwake. Akaingiza vidole chini ya wigi, akalivua mara moja, akaligeuza huku na huku kama anayeonyesha sungura.

Wakashangilia. Nywele zilikuwa fupi, nzito, zinang'aa.

"Povu tu," akasema shangazi, akijipapasa utosini. "Povu la dumu lile lile mnaloliona. Hakuna siri nyingine."

Bamia alikuwa anasuuza sinki. Alisuuza mahali pale pale palipokwisha kutakata.

"Basi na wewe leo tukuvike!" Muuza mapazia alikuwa amesimama, rola zimemjaa kichwani. "Mwosha huoshwa! Kaa hapo, kaa! Tunataka picha!"

"Acheni bwana, nina kazi."

"Mwosha huoshwa! Mwosha huoshwa!"

Hata msusi aliacha kusuka. Shangazi akatazama mlango, akatazama wateja. Hakuwa na pa kupitia ila kwenye lile neno lake mwenyewe.

"Karibu, shangazi," alisema Bamia, akiwa amekwisha kuvuta kiti. "Sinki la dirishani."

Akamlaza shingo kwa upole ule ule wa alfajiri. Maji vuguvugu. Halafu akafungua dumu la njano, akakinga kiganja, akajaza. Alipiga povu kwa ncha za vidole, si kwa kucha, mviringo baada ya mviringo, kutoka kwenye paji kwenda nyuma ya masikio. Povu likapanda. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto hakuparuka, wala hakupakwepa. Alipaosha kama alivyopaosha pengine.

Vidole vya shangazi vikashika mikono ya kiti.

"Inauma, shangazi?" akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

"Haiumi."

"Niongeze?"

"Ongeza!" waliitikia wateja.

Akaongeza. Macho ya shangazi yalikuwa yamefumba, na pembeni mwake maji yalishuka ambayo hayakutoka bombani. "Anafurahi mpaka analia," alisema mmoja. Bamia akakusanya povu, akalizungusha safu kwa safu. Hakuwahi mtu kuvikwa pale kilemba kikubwa kama hicho. Nyuma ya sikio, safu ya chini, palikuwa na wekundu mwembamba kama uzi. Aliuona. Angeweza kuuosha. Aliufunika kwa povu jingine.

"Msimwondoe," alisema, akijipangusa mikono. "Mpige picha wote, mmoja mmoja. Shangazi ana subira."

Wakapiga, mmoja mmoja. Muuza mapazia alipiga mara nyingi, kwa sababu kila mara shangazi alisahau kutabasamu.

Jioni mteja wa mwisho aliondoka, msusi akafuata na mkoba wake, akifunga mlango taratibu kuliko kawaida. Bamia alikuwa anasugua masinki. Shangazi alikaa mbele ya kioo bila wigi, hawezi kulivaa. Amejiwekea kichwani taulo lenye maji baridi, na kila alipolibandua nywele chache zilibaki juu yake.

"Mwanangu," akasema.

Bamia akasugua.

"Mwanangu, kichwa kinawaka kama moto. Nichemshie zile bamia."

"Bamia ulizimwaga, shangazi."

"Zitafutwe nyingine."

"Sokoni wameshafunga." Alisuuza brashi, akaitazama, akailaza kando. Sinki la kwanza lilikuwa tayari, la pili nusu. Kwenye tundu lake bado uling'ang'ania uzi wa ute. La dirishani hakuligusa. "Kesho."

"Kesho alfajiri, basi. Kabla ya kufungua."

Bamia akavua aproni, akaitundika msumarini.

"Alfajiri nitakuwa sokoni," alisema. "Nitakuosha wateja wakishajaa. Hapo dirishani, mbele yao. Wakiniuliza ni nini, nitanyamaza. Utajibu wewe."

Shangazi akabandua taulo, akalikunja nywele zikiwa ndani ili zisionekane.

"Na wasipoambiwa?"

"Dumu lipo."

Akazima taa ya upande wa masinki, akatoka kwenda uchochoroni kuanua mataulo, ambayo yalikuwa bado mabichi, akayaacha kambani.