Ziwa Liwe Sawa Kwanza

...kidogo tena kulia, kidogo tu, bega la marehemu lilingane na lenzake, hapo, sasa baba wa watu amesimama wima, Hedwiga akawaza, kidole kikiwa juu ya kipanya, akaziona pembetatu nyeupe zilizojitokeza kwenye kona za picha, maana picha ukiizungusha lazima iache mapengo, dawa yake ni kukata kingo, na ukikata kingo unapoteza kitu, hapa itakwenda ncha ya kasia na nusu ya jiwe, si neno, nani atalilia jiwe, kinachotakiwa ni mzee Cuthbert apendeze siku ya ibada ya kumbukumbu yake... "Mwanangu," Mama Glorious, mjane wake, aliyekuja na basi la alfajiri kutoka Mbaha, akasema nyuma yake, "mbona ziwa linamwagika?" linamwagika vipi, Hedwiga akatazama, na kweli, nyuma ya mzee maji yameinama kama ya karai lililoinuliwa upande mmoja, naye hakuona, angeonaje, mtoto wa Matiri, kwao hakuna kilicholala sawa, mlima juu ya mlima, kahawa imeng'ang'ania mteremko, picha ya kwao unainyoosha kwa mtu, mtu ndiye timazi, na tangu kompyuta hii iletwe studio kutoka Dar, imefungwa kwenye blanketi, amewanyoosha hivyohivyo maharusi, mapadri, na hawa wanunuzi binafsi wa kahawa wanaopenda kupigwa picha wameegemea magari yao... "Liweke ziwa sawa kwanza," mama akasema kwa upole, "ziwa halijapinda hata siku moja," haya, mama, akarudisha nyuma, akavuta mstari wa mwongozo juu ya maji, akazungusha upande wa pili mpaka maji yakalala, na mzee akainama, bega la kushoto likashuka, kiuno kikafuata, Hedwiga akasubiri lawama, lakini mama aliguna tu, akasogeza kiti. "Ndiye huyo. Nyonga ile, tangu mtumbwi ulipomlalia. Nilikuwa namjua kwa mbali kule ufukweni, kabla sijauona uso."

Kwa mbali, hata baba yake Hedwiga, mzee Meinrad, siku hizi anajulikana kwa mbali, tangu kiharusi, mguu anauburura, mdomo umevutwa upande, na Jumamosi Hedwiga anaolewa, nani atamwingiza bibi harusi kanisani, baba mdogo Placidi, limeshaamuliwa, suti ameshashona, na aliyeamua ni nani kama si yeye Hedwiga, alisema ni kwa ajili ya baba, asichoke, kanisa ni refu, na baba pale kitandani akajibu kwa ule ulimi mzito, "Sawa, mama. Placidi ananyooka vizuri," akageukia ukutani, naye akashukuru, Mungu amsamehe, akajiambia baba ameelewa... ameelewa nini, kwamba binti yake anamwonea aibu, ndiyo, aibu, iseme tu, si uchovu wa baba, ni ndugu zake Sixbert, bwana harusi, watakaotoka Songea na kukaa mabenchi ya mbele, ni albamu itakayokaa sebuleni na mdomo ule ndani yake, na hata huo angeunyoosha, namna anaijua, unakata upande mzima wa uso, unaugeuza, unaupachika juu ya ule mgonjwa, unalinganisha macho, kwisha, na huyo angekuwa nani, mzee fulani, hata wajukuu wangempita... "Itachapwa leo?" Itachapwa, mama, bado kingo tu... kwani kwenda polepole kuna ubaya gani, watu wa Songea wanawahi wapi, amshike baba upande ule uliolegea, waburuzane hadi mbele, kwaya irudie ubeti, baba mdogo atanuna na suti yake, na anune, lakini kwanza baba mwenyewe, leo hiihii, si kumwambia, kumwomba, na kama atasema niache tu, mama, nimeshazoea? Atakuwa na haki, kidole bado juu ya kipanya, mzee Cuthbert ameinama vilevile kwenye kioo, machozi yakamtoka bila kuyafuta, na Mama Glorious akamwekea mkono begani, "Usilie, mwanangu," akasema, "huyu ameshapumzika," na wa kwake yuko hai, Matiri, pale juu tu, basi la jioni linafika...