Paka wa Nesi Felista

Nesi Felista alihamishiwa kijiji cha Kyimo kutoka Singida, akapewa nyumba nyuma ya zahanati. Panya walikuwa wamejaa humo, akafuga paka mweusi. Msimu wa baridi ulipoingia, paka yule alizoea kupenya dirishani kwa mama jirani, Alinanuswe, na kujilaza kando ya mwanawe wa miezi saba. Mama mkwe wa Alinanuswe, bibi Atupakisye, alilalamika kwamba paka mweusi huvuta pumzi za watoto. Felista alimweleza kwa upole kwamba paka hufuata joto tu. Bibi hakuamini.

Julai mtoto akaanza kukohoa. Zahanati ilikuwa jirani kabisa, ila bibi alikataza asipelekwe kwa mwenye paka. Lutufyo, baba wa mtoto, alimvizia paka kwenye migomba akamuua kwa jembe. Kesho yake mtoto alinyonya vizuri kidogo, nyumba nzima ikashukuru. Siku ya tatu akawa anahema haraka, mbavu zikibonyea. Bibi akasema ni pumzi zake zinarudi. Alfajiri ya siku ya nne akafariki.

Felista alipata habari zote mbili msibani, ya mtoto na ya paka. Hakuna aliyemsogezea kiti.

Wiki mbili baadaye Alinanuswe alimfuata bombani, akamuuliza kama kweli paka ndiye aliyemuua mwanawe. Felista, akiwa bado na hasira, alimwambia kwamba hakuna paka avutaye pumzi za mtu. Ile ilikuwa homa ya mapafu, na dawa yake ilikuwepo kabatini.

"Kwa hiyo ningemleta kwako, angepona?"

Ukweli ulikuwa kwamba huenda angepona. Felista alilijua neno hilo "huenda", akaliacha.

"Angepona," akasema.

Alinanuswe akachukua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka. Nyumbani alimweleza mumewe yote. Lutufyo hakumlaumu mama yake wala hakujilaumu. Alimwambia kwamba yeye aliyemzaa mtoto ndiye aliyepaswa kumbeba kwenda zahanati, hata kama alikatazwa. Kabla mwezi haujaisha, Alinanuswe alirudishwa kwao na mabegi mawili.

Bibi Atupakisye angali anasimulia habari za paka yule wa kichawi. Felista anapopita humsikia, na habishani naye.