Nguru wa Kununua

Mzee Kibwana alishuka Kilosa na ndoo ya barafu, ndani yake nguru mzima, mkia nje, na aibu aliyoijua peke yake. Nguru huyo hakumvua. Alimnunua Morogoro mjini, dukani, kama mtu yeyote wa bara mwenye hamu ya samaki. Yeye huyo, nahodha wa Mlingotini, miaka thelathini baharini!

Angefanyaje, jamani? Kwao mvuvi haendi kumwona binti ukweni mikono mitupu, wala hapeleki kuku. Lakini bahari imebadilika. Maji yamepata joto, matumbawe yamekufa, samaki wamekimbilia kina ambacho mashua yake haikukifikia, na upepo siku hizi unavuma unavyojisikia. Mashua yenyewe ameshaiuza kama mbao. Ila Sefu, mkwewe wa Mvumi ya Kilosa, akipiga simu, jibu ni lilelile: huku kwema, samaki tele. Kiburi tu, hakuna kingine.

"Shikamoo, baba," Sefu akampokea ndoo kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanahawa, bintiye, akampasua samaki uani. Tumbo tupu, limesafishwa siku nyingi. Mtoto wa mvuvi utamdanganya nini? Alimtazama baba yake mara moja, akainama, akaendelea kukata. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walipokwisha kula, Sefu akajikohoza. "Baba, hapa tumechoka. Mwaka juzi mafuriko, mwaka huu jua limeunguza mahindi yote. Tunaomba ruhusa yako tuuze shamba, tuje kwako unifundishe kuvua."

Mzee akaisogeza sahani yake kando. Akinyamaza, heshima yake inabaki, na binti na wajukuu wanakwenda kufa njaa ufukweni.

"Msiuze," akasema. "Samaki hakuna. Huyu nimemnunua Morogoro. Mashua sina. Nimewadanganya muda wote huu kwa kuona haya."

 Macho ya Sefu yalikuwa kwenye jamvi, maana naye alikuwa na haya yake.

"Baba, ruhusa nilikuwa naiomba kwa adabu tu," akasema. "Shamba nimeuza Ijumaa, uliponiambia nguru wanajaa."

Mwanahawa, aliyekuwa akikusanya sahani, ndiyo kwanza anasikia.